Metaplasia na atrofi ya tumbo: jinsi ya kufuatilia mabadiliko kabla hayajawa saratani

Watu wengi Nairobi hupelekwa kupimwa tumbo kwa kamera kwa sababu ya "alsa": kiungulia kisichoisha, gesi, tumbo linalowaka usiku. Mara nyingi kidonda chenyewe hakionekani. Kinachorudi siku kadhaa baadaye ni ripoti ya patholojia yenye neno geni, metaplasia au atrofi, na chini yake agizo fupi: mgonjwa afuatiliwe. Afuatiliwe na nani, baada ya muda gani, na kwa kulinganishwa na nini, ripoti haisemi.

Kufuatilia ni kulinganisha. Kama kipimo cha kwanza hakikuonyesha wazi ni sehemu gani za tumbo zimebadilika na kwa kiasi gani, cha pili na cha tatu havina cha kulinganishwa nacho. Wengi hukosea hapo mwanzo, kabla hata ya kufikiria tarehe ya kurudi.

## Kwanza, isome ripoti neno kwa neno

Utando wa ndani ya mfuko wa tumbo umejaa tezi zinazotoa asidi na vimeng'enya. Bakteria H. pylori, ambaye kwa kawaida mtu humpata utotoni, huishi kwenye ute unaoufunika utando huo na kuuchokoza miaka nenda miaka rudi. Kwa walio wengi mambo huishia kwenye uchokozi huo. Kwa wachache hufuata ngazi ambazo mwanapatholojia Pelayo Correa alizieleza, na majina yake yanatamkika karibu sawa na yalivyoandikwa kwenye ripoti, kwa hiyo utayatambua.

Gastritisi sugu ni uvimbe wa muda mrefu. Ikiandikwa kuwa ni "aktivu", maana yake chembe nyeupe za damu za mapambano ya papo hapo zimeonekana, na mara nyingi bakteria yupo. Ripoti ikisema gastritisi ni aktivu lakini H. pylori hakuonekana, jiulize kama ulikuwa unakunywa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, wiki ile. Dawa hiyo humpunguza bakteria kiasi cha kumficha bila kumwondoa.

Atrofi ni tezi kufa na kutoweka. Metaplasia ni seli za aina ya utumbo kuota mahali ambapo seli za tumbo zilipaswa kuwa. Displasia ni hatua nyingine kabisa: seli zimeanza kupoteza mpangilio na sura yake. Usichanganye metaplasia na displasia. Herufi zinafanana, ila la kufanya ni tofauti kama usiku na mchana.

Takwimu za wagonjwa wa nchi nzima ya Uholanzi, zilizochapishwa 2008, zinaonyesha tofauti hiyo. Katika kila watu 1,000 wenye atrofi, takriban mmoja alipata saratani ya tumbo kwa mwaka. Kwa metaplasia walikuwa wawili au watatu. Kwa displasia ndogo au ya wastani walikuwa sita, na kwa displasia kali 60. Hao ni Waholanzi, si Wakenya, lakini uwiano kati ya ngazi ndio wa kuzingatia: mwenye metaplasia ana kila sababu ya kuwa makini na hana sababu ya kuandika wosia.

Zaidi ya neno lenyewe, tafuta mambo matatu kwenye ripoti. Kwanza, mabadiliko yako wapi: sehemu ya chini ya mfuko karibu na mlango wa utumbo (antramu), au kwenye kiwiliwili chake (korpasi), au kote kuwili. Pili, ni kiasi gani: kidogo, cha wastani au kikubwa. Tatu, kama ni metaplasia, je, ni kamili au si kamili? Isiyo kamili ndiyo yenye hatari zaidi. Ripoti nyingi huliacha hilo la tatu. Daktari wako anaweza kuiomba maabara iangalie tena slaidi zilezile na kuongeza mstari mmoja, bila wewe kurudi kwenye kamera.

## Mwondoe H. pylori, kisha hakikisha ameondoka

Hakuna maana ya kupanga kamera ya miaka mitatu ijayo huku chanzo kikiendelea kula utando. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimweka bakteria huyu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994. Kumwondoa hupunguza hatari. Atrofi inaweza kurudi nyuma. Metaplasia ni ngumu zaidi kurudi, na ndiyo maana ufuatiliaji hauishi siku bakteria anapoisha.

Vipimo vya kuaminika ni kile cha kinyesi kinachotafuta antijeni (chembechembe za bakteria mwenyewe), na kile cha pumzi. Kipimo cha damu cha kingamwili, kile cha tone la kidole, hakifai kwa kazi hii: kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya bakteria kufa, na wapo watu wanaotibiwa mara tatu kwa sababu ya kipimo hicho pekee.

Kabla ya kipimo cha kinyesi au cha pumzi, acha omeprazoli na ndugu zake (esomeprazoli, pantoprazoli, rabeprazoli) kwa wiki mbili. Antibayotiki yoyote, hata ile ya jino, iwe imeisha wiki nne kabla, na bismathi, dawa nyingine ya tumbo, vilevile. Kiungulia kikikusumbua katikati, dawa za maji za kutuliza asidi kwa kawaida huruhusiwa, ila si asubuhi ya kipimo. Kama unatumia dawa ya asidi kwa sababu ya kidonda kilichowahi kutoa damu, au unakunywa aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache kabla ya kuzungumza na daktari.

Tiba ni uamuzi wa daktari, lakini ni vizuri uijue ili usibadilishiwe dukani. Mpango unaopendelewa pale ambapo hakuna kipimo cha usugu wa dawa ni wa dawa nne kwa siku 14: dawa ya asidi mara mbili kwa siku, bismathi mara nne, tetrasaiklini miligramu 500 mara nne, na metronidazoli mara tatu au nne. Vidonge ni vingi, na hapo ndipo watu huchoka siku ya tano. Mambo manne huharibu tiba hii:

Duka la dawa kukupa doksisaiklini badala ya tetrasaiklini kwa kuwa "ni kitu kimoja". Si kitu kimoja. Dhidi ya bakteria huyu doksisaiklini haina nguvu ileile.

Kumeza tetrasaiklini kwa chai ya maziwa. Kalsiamu huishika dawa isifyonzwe. Tumia maji. Mama mjamzito haimfai kabisa.

Pombe pamoja na metronidazoli. Subiri angalau siku mbili baada ya kidonge cha mwisho.

Kununua pakiti ileile yenye antibayotiki ya klarithromaisini mara ya pili baada ya kushindwa mara ya kwanza. Bakteria aliyeponea klarithromaisini huenda ni sugu kwayo, kwa hiyo pesa zitakwenda na yeye atabaki.

Bismathi hugeuza kinyesi na ulimi kuwa vyeusi. Hiyo peke yake si damu. Kinyesi cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali, pamoja na kizunguzungu, hicho ni damu, na mahali pake ni hospitali usiku huohuo.

Kuhakikisha: kipimo cha kinyesi au cha pumzi angalau wiki nne baada ya kumaliza dawa. Chukua kalenda. Ukimeza kidonge cha mwisho tarehe 14 Machi, usipimwe kabla ya tarehe 11 Aprili, na dawa ya asidi iwe imeachwa kufikia tarehe 28 Machi. Watu huruka kipimo hiki kuliko hatua nyingine yoyote, kwa sababu tumbo limetulia. Kutulia kwa tumbo si ushahidi.

Wapimwe pia jamaa wa damu mnaokula nao meza moja: wazazi, ndugu wa tumbo moja, watoto waliokua. Hasa kama kuna aliyewahi kuugua saratani ya tumbo katika familia.

## Kamera ya msingi

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi. Endoskopi, yaani kipimo hicho cha kamera, iliyofanywa haraka ili kuangalia kidonda, na kinyama kimoja (biopsi) kikachukuliwa kwa ajili ya H. pylori, haitoshi kuwa msingi wa ufuatiliaji. Kama metaplasia iligunduliwa hivyo, usisubiri miaka mitatu. Zungumza na daktari kuhusu kurudia ndani ya mwaka mmoja, safari hii kwa kusudi la kupima ukubwa wa mabadiliko.

Utaratibu unaojulikana kama wa Sydney, uliorekebishwa miaka ya 1990, huchukua vinyama kutoka sehemu tano:

1. Antramu, upande wa mpindo mfupi, sentimita 2 hadi 3 kutoka mlango wa utumbo.
2. Antramu, upande wa mpindo mrefu, umbali uleule.
3. Kwenye kona ya mfuko, pale mpindo mfupi unapokunja.
4. Korpasi, mpindo mfupi, kama sentimita 4 juu ya kona hiyo.
5. Korpasi, mpindo mrefu, kama sentimita 8 kutoka mlango wa juu wa tumbo.

Vinyama hivyo visitiwe vyote kwenye chupa moja. Kosa hili ni dogo kwa macho na kubwa kwa matokeo. Mwanapatholojia akipokea chupa moja yenye vipande vitano, anaweza kukuambia metaplasia ipo, lakini hawezi kukuambia iko wapi, na hatari yako inategemea hasa iko wapi. Mizani za OLGA, inayopima atrofi, na OLGIM, inayopima metaplasia, huanzia 0 hadi IV, na zote mbili hujengwa kwa kulinganisha sehemu ya chini na kiwiliwili. Chupa moja hufuta hesabu hiyo.

Uliza mapema: gharama ya patholojia inahesabiwa kwa mgonjwa au kwa chupa? Ikiwa ni kwa chupa na mfuko umebana, kiwango cha chini kinachokubalika ni chupa mbili: moja yenye angalau vipande viwili vya antramu na kona, nyingine yenye angalau viwili vya korpasi. Sehemu yoyote inayotia shaka, yenye uvimbe, shimo au rangi tofauti, iende kwenye chupa yake peke yake, iandikwe mahali ilipotoka.

Macho ya daktari nayo yana kazi kabla ya koleo la kuchotea vinyama. Mashine nzuri za leo zina kitufe cha mwanga wa bluu na kijani, NBI kwenye baadhi ya mashine na BLI kwenye nyingine, ambao huonyesha metaplasia kama vilele vyenye mstari wa bluu hafifu. Daktari aliyezoea huweza kutoa alama ya EGGIM: sehemu tano zilezile, kila moja 0, 1 au 2, jumla 10. Alama 5 na kuendelea huashiria metaplasia iliyoenea. Wengine huandika kipimo cha Kimura-Takemoto, kutoka C1, ambapo atrofi imebaki antramu, hadi O3, ambapo imeenea karibu mfuko wote. Yoyote kati ya hivi ni bora kuliko sentensi "gastritisi ya wastani".

Siku unapokata miadi, maswali haya yanatosha, na hakuna daktari mzuri atakayeyachukulia kama ukorofi:

Je, mashine ina picha za ubora wa juu na mwanga wa NBI au mfano wake? Je, mtachukua vipande vya sehemu tano, na kwa chupa ngapi? Je, ripoti itaeleza OLGA au OLGIM? Je, nitapewa picha?

Muda nao husema mengi. Uchunguzi wa maana wa sehemu yote ya juu, kuanzia mpira kuingia hadi kutoka, huchukua angalau dakika 7. Tumbo lenye povu na ute halionekani, kwa hiyo vituo vingi hukupa kikombe kidogo cha simethikoni robo saa hadi nusu saa kabla. Ukiona hukupewa, uliza.

Nairobi ina vituo vya kutosha kwa kazi hii. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa, Aga Khan kule Parklands, na kliniki za madaktari wa tumbo zilizojaa Upper Hill, zote ziko ndani ya safari ya matatu moja au mbili. La kuchagua si ukubwa wa jengo. Chagua mahali utakapoweza kurudi miaka mitatu baadaye na kukuta faili lako. Kama utatumia bima, ya binafsi au ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ombi la idhini liandikwe "endoskopi na biopsi za sehemu kadhaa pamoja na patholojia". Likiandikwa endoskopi tu, unaweza kujikuta unalipia maabara mfukoni.

## Mali bila daftari hupotea bila habari

Wahenga walisema hivyo kuhusu biashara. Kwa tumbo ni vilevile. Mtu hufanyiwa kamera ya kwanza akiwa na bima ya mwajiri mmoja, ya pili akiwa na mwingine, ya tatu amehamia Kitengela. Hospitali tatu haziongei. Mwenye kuziunganisha ni wewe.

Nunua daftari la kawaida au fungua jedwali kwenye simu. Kila kamera ipate ukurasa wake: tarehe, kituo, jina la aliyefanya, aina ya mashine, alama ya EGGIM au Kimura kama ipo. Chini yake, mistari mitano kwa sehemu tano, na matokeo ya kila moja: atrofi kiasi gani, metaplasia kiasi gani na ya aina gani, displasia ipo au haipo. Halafu hali ya H. pylori na kipimo kilichotumika. Mwisho, tarehe ya kurudi na sababu yake. Andika pia namba ya patholojia iliyo juu ya ripoti. Kwa namba hiyo maabara inaweza kupata slaidi zako na vile vipande vilivyogandishwa ndani ya nta, kama bado wamevihifadhi. Picha zikae kwenye flashi na nakala kwenye barua pepe yako mwenyewe, si kwenye simu pekee. Simu za Nairobi zina miguu.

## Kalenda ya kurudi

Miongozo ya Ulaya, inayoitwa MAPS, ndiyo inayotoa vipindi vilivyo wazi zaidi, na hivi ndivyo vinavyogawanyika.

Atrofi au metaplasia ya antramu peke yake, ya kiasi kidogo hadi wastani, H. pylori ameondoka, hakuna saratani ya tumbo kwa wazazi, ndugu au watoto, na metaplasia si ile isiyo kamili: huhitaji kamera za mara kwa mara. Hili huwa gumu kukubalika. Mtu akishaona neno "kabla ya saratani" anataka kamera kila mwaka, na mahali pa kulipia hapakosekani. Lakini kamera isiyo na sababu ina gharama, ina usumbufu, na huzaa vipimo vingine.

Sehemu ileile moja, lakini kuna jamaa wa karibu aliyeugua, au metaplasia si kamili, au H. pylori amekataa kuondoka: kila miaka 3.

Mabadiliko yameenea antramu na korpasi, au OLGA au OLGIM ni III au IV: kila miaka 3. Ukiongeza jamaa wa karibu aliyeugua, inakuwa kila mwaka 1 hadi 2.

Displasia haina kalenda ya miaka. Ikionekana kwenye ripoti, slaidi zisomwe na mwanapatholojia wa pili mwenye uzoefu wa tumbo, kwa sababu uvimbe mkali unaweza kuiga displasia na wasomaji wawili hutofautiana mara nyingi kuliko unavyodhani. Kisha kamera irudiwe mara moja, kwa mashine nzuri na mkono wenye uzoefu, kutafuta kidonda au kiuvimbe kilichotoa kile kipande. Kikionekana, kiondolewe, mara nyingi kinaweza kubanduliwa kupitia kamera bila kupasua tumbo, na hiyo kazi ipelekwe kwa aliyeizoea. Kisipoonekana, vipande vya sehemu mbalimbali za tumbo vichukuliwe tena, na kurudi kuwe ndani ya miezi 12 kwa displasia ya daraja la chini, miezi 6 kwa ya daraja la juu. Ripoti ikisema "haina uhakika wa displasia", uvimbe utibiwe kwanza, bakteria aondolewe, halafu irudiwe. Usiache mstari huo ulale kwenye faili.

Kuna kundi moja lenye njia yake. Kama korpasi ndiyo imeharibika na antramu iko salama, fikirieni gastritisi ya kinga ya mwili kujishambulia yenyewe. Hapo daktari huomba kingamwili dhidi ya seli za korpasi, vitamini B12, feritini ya madini ya chuma, na vipimo vya dundumio (tezi ya shingoni, thairoidi), kwa sababu magonjwa haya hutembea pamoja. Kamera ni kila miaka 3 hadi 5, ikitafuta pia viuvimbe vidogo vya seli za homoni. Mtu anaweza kuwa na ganzi miguuni na upungufu wa damu miaka mingi kabla ya yeyote kuangalia tumbo.

## Siku ya kamera

Kamera ya saa mbili asubuhi: chakula cha mwisho kisizidi saa tatu usiku. Muda unaotakiwa ni saa 6 bila chakula kigumu na saa 2 bila chochote, kwa hiyo maji matupu yanaruhusiwa hadi saa kumi na mbili asubuhi. Chai ya maziwa si maji; ihesabu kama chakula. Dawa ya presha hunywewa kwa funda moja la maji. Mwenye kisukari aombe nafasi ya kwanza asubuhi, na aelezwe mapema la kufanya kuhusu insulini na vidonge. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme siku anapokata miadi, na asiziache kwa uamuzi wake: kuchota vipande vidogo kuna hatari ndogo ya kutoka damu, na kuacha dawa hizo kiholela kunaweza kuleta kiharusi. Kama mnataka vipande vitumike kutafuta H. pylori, rudi kwenye ile kanuni ya wiki mbili bila omeprazoli.

Ukidungwa sindano ya kukulegeza, uende na mtu. Si wa kukushika mkono tu: hutaendesha gari wala kupanda bodaboda ukiwa peke yako, na usisaini karatasi za maana hadi kesho yake. Ukichagua dawa ya kupulizia kooni pekee, unaweza kurudi kazini, ila usinywe kitu cha moto hadi ganzi iishe, kwa kawaida baada ya saa moja hivi. Kutapika damu, kinyesi cheusi, homa, au maumivu makali ya kifua au tumbo baada ya kwenda nyumbani si mambo ya kusubiri asubuhi.

## Ripoti ya pili inapofika

Ifungue ukiwa na ya kwanza mkononi. Linganisha sehemu na sehemu, si hitimisho na hitimisho. Ikiwa mara hii metaplasia "haikuonekana", usisherehekee sana. Metaplasia hukaa kwa mabaka, na koleo linachota kipande cha milimita chache kutoka eneo pana. Huenda lilipita pembeni. Vivyo hivyo baka moja jipya kwenye kona si lazima liwe ni kuenea. Kinachobadilisha mpango ni daraja kupanda kutoka OLGIM I au II hadi III, metaplasia kufika korpasi ambako haikuwa, aina kugeuka kuwa isiyo kamili, au displasia kutokea. Kama ripoti mbili zinapingana sana na unahisi kitu hakiko sawa, omba maabara moja isome slaidi za zamani na mpya pamoja. Ni kazi ya siku chache na huokoa kamera nzima.

Vipimo vingine haviwezi kujaza pengo. Ultrasaundi haioni utando. Pepsinojeni kwenye damu inaweza kuashiria atrofi kubwa, lakini haioni displasia. Vifurushi vya damu vya "alama za saratani" vinavyouzwa kama ofa, CEA na wenzake, havigunduli hatua hizi kabisa, na vikisoma chini vinakupa amani ya uongo.

## Katikati ya kamera na kamera

Sigara iachwe. Chumvi ipungue: Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa iliyomo kwenye mkate na supu. Kile kilima cha chumvi pembeni ya nyama choma ndicho cha kwanza kuondoka. Samaki na nyama za kukaushwa kwa moshi ziwe za nadra. Matunda na mboga havina ubishi. Omeprazoli hutuliza kiungulia lakini haiponyi metaplasia, kwa hiyo kama hakuna sababu nyingine ya kuinywa kila siku, mwulize daktari kama unaihitaji. Mwarobaini na unga wa mitishamba havijaonyeshwa kuirudisha nyuma.

Usiipime kwa hisia. Metaplasia haiumi. Tumbo linalowaka linaweza kuwa halina mabadiliko yoyote, na lililo kimya likawa nayo hadi juu. Lakini dalili hizi hazingoji kalenda: kupungua uzito bila kujaribu, kushiba kwa matonge machache, chakula kukwama, kutapika kunakojirudia, kinyesi cheusi, au damu kupungua bila sababu. Hata kama kamera ilikuwa mwaka jana na ilikuwa safi, rudi wiki hiyohiyo.

Ufuatiliaji pia huwa na mwisho. Mzee ambaye moyo au mapafu yake hayangeruhusu matibabu hata kama kitu kingepatikana hana faida ya kuendelea kumezeshwa mpira. Mkikubaliana na daktari kuacha, andikeni kwenye daftari tarehe na sababu, ili daktari mwingine atakayelifungua miaka miwili baadaye asimwanzishe mzee upya kutoka ukurasa wa kwanza.